Kisa cha London 2012: ukiweza kumtoa hasimu wako kwa kupoteza mechi moja tu, unapoteza?

Hii ni ya makocha na wale wanaopanga ratiba za mashindano, ila hata kama wewe ni shabiki tu utaielewa. Kisa ni cha voliboli ya wanawake, Olimpiki ya London 2012. Nimekichagua kwa sababu kwenye kila mashindano ya makundi, kuanzia UMISSETA (michezo ya shule za sekondari Tanzania) mpaka ubingwa wa Afrika, inafika siku ya mwisho ya makundi mtu anakaa pembeni na kalamu anapiga hesabu: sisi tumeshapita, wale wakishinda yule anatoka, sasa tukilegeza tunapungukiwa nini? Majina ya wachezaji na makocha nimeyatoa yote, nawataja kwa nafasi zao tu, manake mjadala ukianza na jina la mtu unaishia hapohapo kwenye jina la mtu. Nchi nimeziacha kwa sababu bila nchi hesabu ya kundi haieleweki.

USULI

Timu zilikuwa 12, makundi mawili ya sita sita, kila timu inacheza mechi tano alafu nne za juu zinaingia robo fainali. Anayeongoza kundi hili anapewa wa nne wa kundi lile, wa pili na wa tatu wanapangwa kwa kura. Mechi zote zilipigwa Earls Court, ukumbi mmoja, na hili la ukumbi mmoja lina maana yake huko mbele.

Kundi A walikuwepo Urusi, Italia, Japani, Jamhuri ya Dominika, wenyeji Uingereza na Algeria ambao ndo waliibeba Afrika mwaka ule (Malkia Strikers wa Kenya walishaonja Olimpiki Sydney 2000 na Athens 2004, London hawakuwemo). Kundi B ndo lenye kisa: Marekani, Brazil, China, Korea Kusini, Uturuki na Serbia. Kundi la kifo kabisa, hamna timu ya kupumzikia hapo. Uturuki ndo ilikuwa mara yao ya kwanza Olimpiki kwenye voliboli ya wanawake, kwa hiyo nao hawakuja kutalii.

Sasa uhasama. Fainali ya Beijing 2008 ilikuwa Brazil na Marekani, Brazil wakashinda 3-1. Kina dada wa Marekani mpaka hapo walikuwa hawajawahi kuchukua dhahabu ya Olimpiki hata moja, wanakuja London wakiwa namba moja duniani, na kocha ambaye Beijing alichukua dhahabu na timu ya wanaume ya nchi hiyohiyo, na njiani kuna timu moja ambayo wanajua ikiwa kwenye siku yake inawasumbua. Kocha wa Brazil nae si mtu wa mchezo, dhahabu na wanaume 1992, dhahabu na wanawake 2008, hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo pande zote mbili.

Kingine ni pointi, na hapa naomba usiruke kwa sababu kisa chote kimekaa humu. London ndo ilikuwa Olimpiki ya kwanza kutumia ule mfumo wa kwamba ukishinda 3-0 au 3-1 unachukua pointi tatu, ukishinda 3-2 unachukua mbili na aliyefungwa anapata moja. Beijing ilikuwa mshindi mbili, aliyefungwa moja, basi. Alafu kwenye msimamo wa kundi kilichoangaliwa kwanza ni pointi, sio idadi ya mechi ulizoshinda. Yaani timu inaweza kushinda mechi tatu ikakaa chini ya timu iliyoshinda mbili, na ndo kitu kilichotokea.

KILICHOTOKEA

Tarehe 28 Julai Brazil wanaanza na Uturuki, wanashinda lakini kwa 3-2, pointi moja imeshadondoka siku ya kwanza. Marekani wanaipiga Korea 3-1. Tarehe 30 Julai wakubwa wanakutana na Marekani wanashinda 3-1, bingwa mtetezi ana pointi mbili baada ya mechi mbili.

Tarehe 1 Agosti ndo ilikuwa mbaya. Korea Kusini waliifunga Brazil 3-0, seti tatu safi, wakiongozwa na mpigaji wao wa pembeni ambaye mwisho wa mashindano alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano yote wakati timu yake imemaliza ya nne, jambo ambalo hulioni kila siku. Brazil mechi tatu, pointi mbili. Watu walishaanza kuandika tanzia.

Siku hiyohiyo, kwenye mchezo mwingine kabisa ndani ya London, kilitokea kitu kilichobadilisha hewa ya mashindano yote. Wachezaji wanane wa badmintoni, jozi nne za wanawake, mbili za Korea Kusini, moja ya China na moja ya Indonesia, walifukuzwa kwenye Olimpiki kwa kucheza ili wafungwe. Walikuwa wameshapita kwenye makundi yao, wanatafuta tu njia rahisi ya kwenda mbele, wakawa wanapiga sevu kwenye nyavu makusudi huku ukumbi mzima unazomea. Fomati ya makundi kwenye badmintoni ya wawili wawili ndo ilikuwa inatumika Olimpiki kwa mara ya kwanza, na ikazaa hicho kitu hapohapo.

Tarehe 3 Agosti Brazil wanaishinda China lakini tena 3-2, pointi mbili badala ya tatu, na Uturuki nao wanaibana Korea 3-2. Kufikia asubuhi ya siku ya mwisho ya makundi msimamo ulikuwa hivi: Marekani 12, China 7, Korea 7, Uturuki 6, Brazil 4, Serbia 0. Soma tena. Bingwa mtetezi wa Olimpiki yuko nafasi ya tano na wanaopita ni wanne.

Ratiba ya tarehe 5 Agosti: Brazil na Serbia, China na Korea, Marekani na Uturuki.

Brazil wakiifunga Serbia vizuri wanafika 7. Uturuki wana 6 mkononi, ushindi wowote hata wa 3-2 unawafikisha 8. Kulikuwa na mlango mwembamba mwingine, kwamba Korea wafungwe na China bila kuokota hata pointi moja alafu vigezo vya kutenganisha viamue, lakini Korea waliokota, walifungwa 3-2 wakaishia na 8, kwa hiyo mlango huo ulijifunga. Ukiyaweka matokeo ya siku ile mezani, uhai wa Brazil ulikuwa mikononi mwa Marekani. Timu waliyoifunga fainali iliyopita ndo inatakiwa iwaokoe.

UAMUZI, NA SABABU ZAKE

Marekani walikuwa hawana cha kutafuta kwenye mechi ile. Wana 12, anayewafuata akishinda vizuri anafika 10, nafasi ya kwanza imeshafungwa na kufuli. Wakishinda wanacheza na wa nne wa Kundi A, wakifungwa wanacheza na huyohuyo. Kwenye karatasi, kupoteza ile mechi gharama yake ni sifuri na faida yake ni kumwona hasimu anapanda ndege.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza kucheza kushinda. Ya pili, ile ambayo makocha wengi wanaipenda kwa sababu haina ushahidi, ni "kupumzisha": unawaweka wakubwa benchi, unawapa nafasi wasiocheza, ukifungwa unasema nilikuwa nawalinda na majeraha, na hakuna mtu atakayekugusa. Ya tatu ni kufungwa makusudi, sevu nje, bloku mkono wazi.

Walicheza kushinda na wakashinda, 3-0. Uturuki wakabaki na 6, wametoka. Brazil kwa upande wao waliifunga Serbia 3-0, wakamaliza na 7, nafasi ya nne.

Kwa nini? Watu wanapenda kusema ni uungwana, na uungwana upo, lakini mimi naona hata mtu asiye muungwana, ila anayejua kusoma ratiba, angefika hapohapo. Aliyeongoza Kundi A na aliyeongoza Kundi B walikuwa pande tofauti za droo. Wa nne wa Kundi B anapelekwa kwa kinara wa Kundi A, maana yake Brazil wakipita hawawezi kukutana na Marekani mpaka fainali. Na kinara wa A ni nani? Urusi, ambao hawajafungwa hata mechi moja, mabingwa wa dunia wa 2006 na 2010, na fainali zote mbili hizo waliifunga Brazil, zote kwa 3-2. Na kama hiyo haitoshi kuna Athens 2004, nusu fainali, Brazil wanaongoza seti mbili kwa moja na kwenye seti ya nne wako 24-19, pointi moja tu waingie fainali, wakafungwa na Urusi. Kocha wa Brazil alikuwa huyuhuyu wa London. Kwa hiyo unapokaa tarehe 5 Agosti na kujiuliza "tuwatoe Brazil?", jibu la ratiba ni kwamba Urusi anakuja kuwatoa siku mbili mbele bila wewe kujichafua.

Kuna pia habari ya badmintoni iliyokuwa bado ya moto, siku nne tu zimepita. Timu iliyoshapita, imeonekana inalegeza, dhidi ya timu inayohitaji ushindi, kwenye Olimpiki hiyohiyo? Kamera zote zingekuwa pale.

Na kuna hili ambalo kwenye karatasi halionekani lakini aliyewahi kukaa na timu kambini analijua. Ukiwaambia wachezaji kumi na mbili "leo tufungwe ili tusikutane na fulani", umewaambia pia kwamba unamwogopa fulani. Hilo neno halitoki tena kichwani mwao. Wanalibeba mpaka fainali, hata kama fainali wanakutana na mwingine.

Tusisahau na Uturuki. Mjadala wa kisa hiki kila siku ni Marekani na Brazil, kana kwamba Uturuki ni kiti. Hawa walikuwa na 6 kwa jasho lao, walikuwa wamewasumbua Brazil seti tano, wameifunga Korea, na walikuwa na haki ya kucheza mechi ya kweli na kujua kwa uhakika kama wanafaa kupita au la. Kama wangepewa ule ushindi, robo fainali ya kwanza ya Olimpiki katika historia yao ingekuwa na doa milele.

Upande wa Brazil uamuzi haukuwa mwingi lakini uliokuwepo ulifanyika. Katikati ya makundi kocha alibadilisha seta, na ukiwa na timu inayoyumba kubadilisha seta ni riski kubwa, manake seta ndo anagusa mpira wa pili karibu kila safari, mapigo yote ya wapigaji yanategemea urefu na kasi ya mpira wake. Alafu wakafanya kitu pekee kilichokuwa ndani ya uwezo wao, wakaifunga Serbia seti tatu bila.

MATOKEO

Tarehe 7 Agosti, robo fainali, Brazil na Urusi. Hii mechi kama hujaiona itafute. Seti zilienda 24-26, 25-22, 19-25, 25-22, alafu ya tano. Urusi walipata mechi pointi sita. Sita! Mara sita Urusi wanahitaji mpira mmoja tu udondoke upande wa pili, na mara sita haudondoki, opposite wa Brazil (mpigaji wa upande wa kulia, anayekaa kinyume na seta) anaendelea kuomba mpira na kuupiga kana kwamba ni mazoezi. Brazil wakaifunga seti 21-19. Baada ya Athens hiyo ilikuwa zaidi ya robo fainali.

Nusu fainali Brazil 3-0 Japani, Marekani 3-0 Korea. Marekani mpaka hapo hawajafungwa mechi yoyote.

Fainali tarehe 11 Agosti. Seti ya kwanza Marekani 25-11. Ile sio seti ya fainali, ni kipigo, mtu angeweza kuzima tivii. Alafu 25-17, 25-20, 25-17, zote kwa Brazil. Dhahabu ya pili mfululizo, kitu ambacho kwa wanawake walishakifanya Umoja wa Kisovieti na Kuba tu kabla yao. Marekani fedha tena, fainali ya pili mfululizo, mbele ya watu walewale.

Na swali likaanza usiku huohuo: si mngewatoa tu?

UCHAMBUZI: NINI KILIFANYA KAZI, NINI KILIFELI

Nianze na hilo swali kwa sababu ndo linawapoteza wengi. Uamuzi unapimwa kwa kile ulichokijua wakati unaufanya, na tarehe 5 Agosti kilichojulikana ni kwamba Brazil wamefungwa 3-1 na 3-0 ndani ya siku tatu, wanapenya kwa bahati, na wanakwenda kwa Urusi. Kutoka pale mpaka dhahabu walihitaji kuruka mechi pointi sita za watu ambao historia yote inasema wanawafunga. Ukitaka kumlaumu aliyewaacha hai, basi panga foleni: Urusi walipata nafasi sita za kuwaua, na kwa mikono yao wenyewe, bila kuvunja sheria yoyote. Marekani nao walipata fainali nzima, na wakaanza kwa 25-11.

Kilichofeli kwa Marekani kiko ndani ya uwanja tarehe 11, sio tarehe 5. Baada ya ile seti ya kwanza Brazil walianza kupiga sevu zinazochokonoa upokeaji, mpira wa kwanza haufiki vizuri kwa seta, seta anakimbia pembeni, anabaki na chaguo moja tu la kumpa, na bloku ya Brazil inakuwa imeshamsubiri palepale. Hiyo ndo kazi ya sevu nzuri, haitafuti ace (sevu inayoleta pointi moja kwa moja), inatafuta kumfanya adui atabirike. Timu iliyokuwa inashambulia kutoka kila kona ikawa inashambulia kutoka sehemu moja, na kuanzia seti ya pili hadi ya nne jibu halikupatikana. Kocha anayetaka kujifunza kutoka kisa hiki aangalie seti ya pili ya fainali mara nyingi kuliko anavyobishana kuhusu mechi ya Uturuki.

Kilichofanya kazi ni kwamba timu haikuvunjika. Hii naisema kwa kuangalia miaka iliyofuata: msaidizi wa kocha wa 2012 ndo akawa kocha mkuu, na Tokyo, fainali, Marekani wakaifunga Brazil 3-0 na kuchukua dhahabu yao ya kwanza, na kikosini bado walikuwemo wachezaji waliokuwa London. Siwezi kukuambia walishinda Tokyo kwa sababu walicheza kweli London, huo utakuwa uongo mtamu. Ila hawakuwa na kitu cha kuficha njiani.

Sasa kabla mtu hajageuza hii kuwa hadithi ya "ukicheza haki utalipwa", chukua Ancona, Italia, 2010, ubingwa wa dunia wa wanaume. Brazil na Bulgaria, fomati ya ajabu ambapo aliyefungwa anapata njia rahisi zaidi mbele. Seta mmoja wa Brazil anaumwa, mwingine amepumzishwa, opposite anacheza useta, Bulgaria nao wamepumzisha watu, ukumbi unazomea mwanzo mpaka mwisho, Brazil wanafungwa 3-0. Waliokuwepo wengi hawakuwa na shaka wameona nini. Na kisha? Brazil hao wakaenda Roma, wakaifunga Kuba 3-0 kwenye fainali, mabingwa wa dunia mara ya tatu mfululizo. Kwa hiyo aliyecheza kushinda amekosa dhahabu, na aliyeonekana kukwepa ameipata. Kama kipimo chako ni medali, visa hivi viwili vinakufundisha ujanja. Ndo maana nasema medali sio kipimo cha uamuzi wa aina hii.

Tukija kwenye ile njia ya pili, ya kupumzisha. Hapa sina msimamo mkali kama wengine. Kwenye mashindano ambayo unacheza mechi nane ndani ya wiki mbili, opposite ana goti linavuta maji, una haki ya kumkalisha. Mimi tofauti naiona sehemu moja: wale uliowaingiza wanacheza kushinda au wameambiwa kitu? Kocha anajua, wachezaji wanajua, refa wa kwanza akiwa makini nae anajua ndani ya mipira kumi. Pumzisha, lakini wape wale wadogo mpango wa mechi kamili, chati ya wapigaji wa adui, taimu auti za maana, ukinyamaza benchi siku hiyo kila mtu anaelewa umenyamazia nini.

UCHAMBUZI: MSIMAMO WENYEWE ULIVYOTENGENEZA KISHAWISHI

Hii ndo sehemu ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha, na kwangu ndo kiini cha kisa. Chukua matokeo yote ya Kundi B kama yalivyo, ubadilishe kanuni moja tu: angalia kwanza mechi ulizoshinda, pointi ziwe za kutenganisha. Marekani ushindi 5, China 3, Brazil 3, Korea 2, Uturuki 2. Brazil wanakuwa wa tatu, sio wa nne, Korea wenye pointi 8 lakini ushindi mara mbili wanashuka chini yao.

Sasa, ndani ya kanuni hiyo mpya, wape Uturuki ushindi dhidi ya Marekani. Uturuki 3, China 3, Brazil 3, Korea 2. Anayetoka ni Korea! Brazil wanashuka mpaka wa nne, ila bado wanapita. Yaani Marekani hata wangetaka kuwatoa Brazil kwa kufungwa na Uturuki wasingeweza, wangemtoa mtu ambaye hawana ugomvi nae. Kishawishi chote kile, makala zote zile, maswali yote ya usiku wa fainali, yalizaliwa na mstari mmoja kwenye kanuni unaosema pointi kwanza.

FIVB, shirikisho la voliboli la dunia, baadaye waligeuza, na kufikia Rio 2016 msimamo wa kundi ulikuwa unaanza na idadi ya ushindi. Badmintoni nao kwa Rio walirekebisha, jozi zinazomaliza za pili zikawa zinapangwa upya kwa kura baada ya makundi, kwa hiyo huwezi kujua kabla utamkwepa nani. Sio kwamba kishawishi kiliisha kabisa. Rio hiyohiyo China walimaliza wa nne kwenye kundi lao wakiwa wameshinda mechi mbili tu kati ya tano, robo fainali wakapewa Brazil, wenyeji, ambao hawakuwa wamepoteza hata seti moja kwenye kundi, wakawatoa 3-2, wakaenda kuchukua dhahabu. Kwa hiyo hata wazo lenyewe la kwamba wa nne ni mnyonge wa kumkaribisha limeshakanushwa Olimpiki mbili mfululizo, na Brazil wamekaa pande zote mbili za hilo kanusho.

KWA WANAOPANGA MASHINDANO HUKU KWETU

Mpira wa miguu walijifunza hili Gijón 1982, Ujerumani Magharibi na Austria walipocheza mechi wanayojua matokeo gani yanawapitisha wote wawili, na tangu hapo mechi za mwisho za kundi zinaanza kwa wakati mmoja. Voliboli haiwezi kirahisi, kwa sababu ukumbi unakuwa mmoja, kama Earls Court ilivyokuwa, na mechi zinapangwa moja baada ya nyingine kutwa nzima. Huku kwetu kwenye mashindano ya shule hali inaweza kuwa rahisi zaidi kuliko Olimpiki, viwanja viko nje, viwili vitatu vimechorwa pamoja, kwa hiyo hakuna sababu ya mechi mbili za mwisho za kundi moja kuchezwa kwa kupishana, zichezwe pamoja hata kama mgeni rasmi anataka kuona zote.

Na kama kiwanja kizuri ni kimoja, mechi ya timu ambayo imeshapita iwekwe ya kwanza asubuhi, kabla wengine hawajacheza. Ikichezwa ya mwisho wanaingia uwanjani wakiwa na msimamo kamili mkononi na wanajua mpira gani unamtoa nani. Ikichezwa ya kwanza, bado wanabahatisha. Kanuni ya msimamo isomwe kwenye kikao cha makocha kabla ya mechi ya kwanza, kwa sauti, ushindi kwanza au pointi kwanza, 3-2 inagawanywaje, mkilingana kinaangaliwa nini, seti au pointi za ndani ya seti. Nusu ya ugomvi wa siku ya mwisho ni watu wanaogundua kanuni siku hiyo, alafu kila mtu ana karatasi yake na hesabu yake, na mwamuzi mkuu anatafutwa na simu haipatikani.